Nancy na Wali wa Jumatano

Nshamba,
Muleba, Kagera.
30 Mei 2025

Mpendwa Dada Alistidia,

Pokea salamu zetu za huku nyumbani, nami naomba zikukute umeketi, maana leo nina mengi. Hali yako ikoje? Kidonda kimefunga kabisa? Unaweza kukaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni, au bado unanyanyuka kila baada ya muda kunyoosha kiuno? Na hiyo baridi ya Mafinga, umepata sweta la maana? Nijibu kwa ukweli, dada. Usinipe majibu yale unayotoa kwenye simu.

Sisi hatujambo. Mama Mkubwa magoti yanamkaza asubuhi, lakini jua likishachomoza anatembea kibanja kizima cha migomba na kumkosoa kila mtu. Mvua za mwezi wa nne zilituangushia migomba kumi na minne kule chini karibu na kijito, ila iliyobaki imebeba vizuri. Kahawa imeanza kuiva. Mujuni, shemeji yako, ameanza kuchuma tangu Jumatatu na mikono yake imekuwa myeusi kama ya fundi baiskeli.

Nancy hajambo huku kwa bibi yake, Mama Mkubwa. Nalisema hilo mapema ili usiruke mistari kulitafuta. Lakini barua hii inamhusu yeye, na inanihusu mimi, kwa sababu ile ahadi niliyokupa mwezi Machi nimeivunja. Nancy anajua kwamba ulipasuliwa. Mimi ndiye niliyemwambia. Sikuombi msamaha sasa hivi. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha uamue kama unanidai.

Ningekupigia, lakini simu ya Mama Mkubwa unaijua, mtu akiongea inasikika mpaka kwa jirani. Halafu wewe ukianza kulia, mimi nashindwa kuendelea. Afadhali karatasi.

Mambo yalianza kwenye likizo fupi ya mwezi wa nne, nilipoitwa Bukoba kwenye mafunzo ya siku tatu. Tulikuwa walimu thelathini na kitu katika ukumbi mmoja pale Kahororo. Barua ya mwaliko ilisema tutajifunza kutumia picha na sanaa kuzungumza na wanafunzi juu ya afya na hisia. Nilienda shingo upande. Nilidhani tutagawiwa mabango ya kunawa mikono, tupige picha ya pamoja, turudi makwetu.

Mkufunzi alikuwa mama mmoja wa Buhembe, Mwalimu Salma, mtu mtulivu sana, mchoraji mwenyewe. Asubuhi ya kwanza hakutoa hotuba. Alibandika ukutani picha aliyoichora, mzee amefumba macho na kinywa kiko wazi, akatuuliza tunaona nini. Mimi nikajibu haraka kwamba mzee anacheka. Akaniuliza swali moja tu: “Umejuaje?” Nikatazama tena. Nikaona mkono wa mzee umeshika shavu, na vidole vimekaza. Mwenzangu mmoja akasema huyo jino linamuuma. Mwingine akasema hapana, anaimba kwenye msiba. Tulibishana mpaka chai ikapoa, watu wazima na shahada zetu.

Njia yake ni hiyo, dada, wala haina ufundi mwingine. Unaonyesha picha, unauliza wanaona nini, na kila atakayesema unamuuliza amejuaje. Humwambii mtoto amekosea, wala humsifu aliyepatia, kwa sababu mwenye jibu hayupo. Mtoto anamzungumzia mtu wa kwenye picha. Hakuna anayelazimishwa kutaja ya kwao. Mwalimu Salma alisisitiza jambo moja mpaka tukalikariri: mtoto akisema neno zito, liache kwenye picha mbele ya wenzake, na wewe umfuate baadaye, peke yake.

Siku ya mwisho alinipa picha mbili nirudi nazo. Moja ni ya mwanamke ameketi kwenye kizingiti cha mlango, mkono mmoja uko tumboni, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Nyuma yake ndani ya nyumba kuna meza, na juu ya meza kuna sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cha maua.

Niliipeleka darasa la tano, kwa akina Nancy, Alhamisi ya tarehe nane Mei. Wapo sitini na wawili. Nikaibandika ubaoni, nikawaita mstari kwa mstari waje waitazame kwa karibu, kisha nikauliza.

Mwanzoni walijibu kama wanavyojibu siku zote, wakinitazama usoni kutafuta jibu ninalolitaka. Ana malaria, mwalimu. Ana njaa. Ana mimba. Nikawa nauliza tu, umejuaje? Ayubu, mtoto wa yule bwana mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasema hawezi kuwa na njaa kwa sababu chakula kipo mezani na hajakigusa. Benadetha akasema amegombana na mtu, ndiyo maana ametoka bila ndala ya pili. Darasa likachangamka. Watoto ambao tangu Januari sijawahi kusikia sauti zao walikuwa wamesimama wanaomba nafasi.

Ndipo Nancy akanyoosha mkono. Unamjua mtoto wako, haongei darasani mpaka uwe umemtaja jina. Akasema:

“Huyo mama wamemwambia kila kitu ni kizuri. Lakini si kizuri.”

Nikamuuliza amejuaje.

“Sahani wameifunika vizuri. Siku wakikuficha kitu, wanakupikia wali na nyama.”

Dada, chaki ilinidondoka. Niliinama kuiokota ili wasinione uso. Mtoto mmoja alicheka. Nikakumbuka maneno ya Mwalimu Salma, nikasema tu, “Nancy ameiona sahani. Nani mwingine ameiona sahani?” Mazungumzo yakaendelea kwenye kitambaa na maua yake, mpaka kengele.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo hatukukueleza vizuri. Lile tumbo la Nancy tulilokuambia ni minyoo, halikuwa minyoo. Lilianza katikati ya mwezi Machi. Lilikuwa linamkata asubuhi, hasa Jumatatu, na kila akiona chakula kizuri anasukuma sahani. Zahanati tumempeleka mara tatu. Wamepima malaria, wamepima choo, wamepima mkojo, hawakuona kitu. Walimpa dawa za minyoo kwa tahadhari tu. Mama Mkubwa akaamua kwamba wali haupatani naye, akamrudisha kwenye ndizi na maharage, na tumbo likaendelea vilevile.

Siku ile baada ya masomo nilimwomba anisaidie kubeba madaftari mpaka kwangu. Tulitembea polepole. Sikumuuliza habari za kwao. Nilimuuliza habari za mwanamke wa kwenye picha, kwamba watu gani walimpikia. Akanijibu kwa habari za mwanamke huyo hatua kama hamsini hivi, halafu akaacha kujificha na kuanza kusema “mimi”.

Alisema hivi. Baba yake alipolazwa Mwanza, alikuwa anapiga simu kila Jumapili na kumwambia, baba mzima, baba anarudi karibuni. Halafu siku moja, katikati ya wiki, alipelekwa nyumba ya jirani akalala huko siku tatu. Wakampa wali, nyama na soda, wakamruhusu kucheza mpaka achoke. Aliporudi nyumbani watu walikuwa wamejaa, na nyuma ya nyumba kulikuwa na udongo mpya. Hakuna aliyemketisha akamwambia. Alikuwa na miaka sita, na yote hayo aliyaunganisha peke yake.

Sasa kumbuka tarehe kumi na mbili Machi, siku yako ya kupasuliwa. Ilikuwa Jumatano. Mama Mkubwa alikuwa na hofu, hakujua afanye nini na mikono yake, akaenda sokoni akanunua mchele na nusu kilo ya nyama, akampikia mjukuu. Alifanya kwa upendo. Na Jumapili iliyofuata ukapiga simu kwa sauti dhaifu, ukamwambia, mama mzima, mama anarudi karibuni.

Unaona? Tangu siku hiyo mtoto alikuwa anakuzika kidogo kidogo. Kila Jumapili ukimwambia u mzima, Jumatatu tumbo linamkata. Alikuwa anangoja lini atapelekwa kwa jirani.

Tulipofika kwangu aliweka madaftari mezani, akaniuliza, “Mama mdogo, mama ana nini?”

Nilikuwa na ahadi yako kinywani. Nikamwambia nitamjibu, ila anipe siku mbili. Sikusema hana kitu. Hilo nilijizuia.

Jioni hiyo hiyo nikaenda kwa Mama Mkubwa. Nilimweleza yote na hakuniruhusu. Alisema habari za visu si za mtoto, kwamba wewe umeshapona na kilichopita kimepita, na kwamba sisi walimu tukirudi kutoka Bukoba huwa tunarudi na mambo. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua maharage yake kana kwamba sijamaliza kusalimia.

Niliondoka nimenywea. Ijumaa Nancy hakuja shule, tumbo. Ndipo nikaacha kujiuliza. Nilijua kabisa kwamba nikikupigia ungesema tusubiri mpaka urudi mwezi wa kumi na mbili, na mimi nisingeweza kumtazama mtoto yule akijikunja kwenye dawati miezi saba mingine kwa ugonjwa ambao dawa yake ninayo mimi.

Jumamosi asubuhi nikarudi. Nikamwambia Mama Mkubwa kwamba leo namwambia, na naomba awepo, lakini hata akitoka nitamwambia. Hakutoka. Alikuwa anamenya ndizi jikoni, akaendelea kumenya. Nikamketisha Nancy kwenye kigoda, nikachukua daftari na kalamu ya risasi, nikamchorea. Unajua sijui kuchora, nimechora tumbo kama mtungi. Nikamwonyesha mahali uvimbe ulipokuwa, nikamwambia ulikuwa na ukubwa wa ndimu, kwamba uvimbe wa namna hiyo huwapata wanawake wengi na si ule ugonjwa wa baba yake, wa figo. Nikamwambia ulilazwa usingizi kwa dawa, daktari akautoa, akashona, na kwamba umepimwa tena na majibu ni mazuri. Nikamwambia nimeyaona majibu hayo kwenye simu yangu kwa macho yangu.

Hakulia. Akauliza kama ulihisi kisu. Akauliza kama ndimu ile bado ipo au imetupwa. Akauliza kama unaweza kubeba ndoo. Nilimjibu yote niliyoyajua, na niliyoyajua sana nilimweleza mara mbili. Halafu akauliza kwa nini hukumwambia. Hilo nilimwambia ni lako, mimi siwezi kukujibia.

Nilidhani tumemaliza. Mama Mkubwa akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye na mjukuu huongea Kihaya tu:

“Nancy, siku ile ya baba yako, mimi ndiye niliyesema upelekwe kwa jirani. Mama yako alitaka ubaki. Mimi nilikataa. Nilifikiri nakukinga.”

Sikuwa nalijua hilo, dada. Miaka minne nimekuwa nikidhani wewe ndiye uliyempeleka. Nadhani hata Nancy alidhani hivyo, kwa sababu aligeuka akamtazama bibi yake kama mtu aliyepewa kitu kizito akishike. Kisha akamuuliza kama baba yake alivaa koti lile la kahawia. Mama Mkubwa akasema ndiyo, na viatu vyake vya kanisani. Wakaanza kuongea Kihaya wawili hao, mambo ya siku ile, nani alikuja, nani aliimba, nani alichimba. Mimi nikachukua kisu nikamalizia ndizi.

Sitakudanganya kwamba tumbo lilipona siku hiyo. Jumatatu liliuma, ila alikuja shule. Wiki iliyofuata liliuma mara moja, siku ya mtihani wa hisabati, na hilo hata mimi nililielewa. Sasa ni siku kumi halijauma. Anakula. Juzi Mama Mkubwa alipika wali, akamwambia kabla hajaweka sufuria motoni kwamba ni kwa sababu ndizi hazijakomaa, hakuna habari nyingine. Nancy akacheka, akaomba ukoko.

Usidhani shuleni mambo yalikuwa laini. Baba yake Ayubu alikuja kwa mwalimu mkuu, Bwana Kyaruzi, akalalamika kwamba ninawafundisha watoto kutoa siri za nyumbani. Mwalimu mkuu aliniita, na kwanza akawa upande wake, akaniuliza picha hizi zitaulizwa lini kwenye mtihani wa taifa. Nilimjibu bila kutetemeka. Nilimwambia ninaye mtoto aliyepimwa mara tatu zahanati na ugonjwa haukuonekana, ukaonekana kwenye kipindi cha dakika arobaini. Sikutaja jina. Nikawaalika wote wawili waje wakae nyuma ya darasa Alhamisi.

Walikuja kweli. Nilibandika picha ya pili, ya mwanamume aliyeegemea baiskeli kando ya barabara, anatazama mbali. Watoto wakasema yao. Katikati ya kipindi nikaona mkono umenyooshwa kule nyuma, ni baba Ayubu mwenyewe, kwenye dawati la watoto magoti yakiwa yamefika kifuani. Akasema yule mtu hajalala siku mbili. Ayubu akageuka, akamuuliza baba yake kwa adabu kabisa, “Umejuaje?” Akasema, macho. Halafu akasema, mtu anaweza kuwa na duka na bado asilale. Hakuna mtoto aliyecheka. Baada ya kipindi alinipa mkono, na malalamiko hayajarudi. Mwalimu mkuu amenipa Alhamisi zote, mradi nisile vipindi vya hisabati.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka kumi na moja, dada, na sijawahi kuwa na uhakika nayo kama mwezi huu. Nimekuwa nikiwafundisha watoto majina ya magonjwa, dalili tatu, njia nne za kujikinga, wanakariri, wanapata alama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kinachomuuma. Sasa wanasema, na mimi najifunza kunyamaza wakati wanasema. Mwalimu Salma ameahidi kuja kuwaonyesha kuchora picha zao wenyewe. Nimeshaanza kuombaomba makaratasi.

Basi nirudi kwetu sisi wawili. Nilivunja neno langu kwako, na ingekuwa leo ningelivunja tena. Kasirika ukitaka, nina kifua. Lakini nakuomba kitu kimoja. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa mara nne na kubandikwa kwa seloteipu. Ni ya Nancy. Ni maswali yake kwako, ameniambia ni saba. Sijaifungua na sijui ameuliza nini. Mjibu yote, hata yale yatakayokuuma, na kama jibu hulijui mwambie hulijui. Anaweza kubeba mengi, mradi asibebe peke yake.

Mujuni anakusalimu, na Mchungaji pia, anauliza lini utarudi kushona majoho ya kwaya. Ma Joyce wa jirani anakusalimu sana. Wapelekee salamu zetu hao akina mama unaoshona nao hapo Mafinga, waliokupikia uji ulipotoka hospitali. Mwambie kila mmoja kwamba huku Nshamba tunamjua kwa jina.

Nilipokuwa nafunga barua, Mama Mkubwa alikuja akasimama hapa mlangoni. Aliuliza kama nafasi bado ipo kwenye karatasi. Nikamwambia ipo. Akasema niandike hivi, na naandika kama alivyosema: “Muulize mwanangu, alipoamka kutoka kwenye ule usingizi wa dawa, alikuwa na nani?” Halafu akasema nisiandike kwamba ametoa machozi, lakini nimeandika.

Mungu aliyekuamsha siku ile aendelee kukushika mkono, akuongezee nguvu ya mwili, na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, niliyevunja ahadi yako kwa kukupenda,

Joanitha